Kuacha pombe kwa msaada wa Ayurveda: inaposaidia, na inapoweza kuua

MfamasiaMtaani (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam.

Naanza na jambo ambalo sitaki mtu aondoke humu bila kulisoma. Mtu anayekunywa kila siku, yule anayeamka mikono inatetemeka mpaka azimue, asifungiwe chumbani na kukatishwa pombe ghafla huku anapewa unga wa mizizi. Uwe wa Kihindi, wa Kichina au wa kwetu, haijalishi. Mwili uliozoea pombe huanza kuidai ndani ya saa 6 hadi 24: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kichefuchefu, usingizi kukatika. Degedege huweza kumpata ndani ya siku 2 za mwanzo. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huchanganyikiwa, wanaona wadudu ukutani, homa inapanda, na hapo mtu anaweza kufa kweli. Kipindi hicho ni cha hospitali. Watampa diazepamu au dawa za jamii yake kwa dozi inayopimwa, watamwongezea maji, na watampa vitamini B1, yaani thiamini, kabla ya kumtundikia dripu ya glukosi. Utaratibu huo wa B1 kwanza una sababu: ubongo uliokaushwa thiamini na pombe, ukiletewa sukari peke yake, unaweza kuumia moja kwa moja na mtu akapoteza kumbukumbu.

Akishavuka hapo, Ayurveda, yaani tiba asili ya India, ina kazi ya kufanya, na ni kazi ya maana. Ndiyo sababu naandika.

Mimi ni mfamasia hapa Dar. Nilisomea India, jimbo la Gujarat, ambako dawa za Ayurveda zinauzwa duka moja na panadoli na hakuna anayeshangaa. Daktari wa Ayurveda kule anasoma miaka 5 na nusu, mazoezi ya hospitali yakiwemo, na anasajiliwa na serikali. Nalitaja hili kwa sababu huku kwetu mtu akiweka picha ya jani na herufi za Kihindi kwenye kopo, tayari anaitwa daktari. Kwa Tanzania anayetoa tiba ya namna hii anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa sheria ya mwaka 2002. Muulize namba yake ya usajili kabla hujamuuliza bei.

Sasa vitabu vyenyewe. Charaka Samhita, kitabu cha kale cha Ayurveda chenye jina la tabibu Charaka, ina sura nzima juu ya maradhi ya pombe, sura ya 24 katika sehemu ya tiba. Ugonjwa wenyewe unaitwa madatyaya. Charaka anasema pombe ina sifa 10, ni zilezile za sumu, na kila moja inapingana na sifa ya ojas, kile kiini cha uhai ambacho Ayurveda inasema kinakaa moyoni na ndicho kinachompa mtu nguvu, kinga na utulivu. Maziwa yana sifa za ojas, kwa hiyo mgonjwa aliyedhoofu, ambaye tiba nyingine zimemshinda, anarudishiwa nguvu kwa maziwa.

Kuna jambo moja ndani ya sura ile ambalo kila familia yenye mnywaji ingefaa ilijue. Charaka anaeleza hali mbili, dhvamsaka na vikshaya, zinazompata mtu aliyekwisha kuacha pombe kisha akairudia ghafla na kwa wingi. Mmoja anakuwa na koo kavu, mzito wa usingizi, hataki kusikia sauti yoyote. Mwingine anatapika, ana homa, kiu, kichwa na mwili mzima unauma, akili inapotea. Naye anasema hizo ni ngumu kutibu kwa sababu mwili umeshakonda. Yaani zaidi ya miaka elfu moja iliyopita mtu alikaa na wagonjwa kwa makini kiasi cha kuona kwamba kurudia kunakuja na hatari yake ya pekee. Hospitali za leo zinaona kitu hichohicho: aliyekaa bila pombe muda mrefu mwili wake haustahimili tena kiasi alichokuwa anakunywa zamani.

Pia anasema pombe haiwezi kumletea mtu ugonjwa huu bila kwanza kuvuruga akili na kuumiza mwili, na kwa sababu hiyo mgonjwa anahitaji tiba ya kumfurahisha. Marafiki wema, muziki, mahali pazuri, maneno ya upendo. Hiyo imeandikwa kama tiba, kwenye sura ya tiba. Fikiria sasa namna tunavyowapokea walioacha pombe majumbani kwetu. Anasemwa, anakumbushwa alichouza, watoto wanaambiwa wasimkaribie.

Kuna mahali nampinga Charaka waziwazi. Anaruhusu mgonjwa akishapona kwa maziwa, maziwa yapunguzwe na pombe irudishwe kidogokidogo. Kwa mtu ambaye tayari ni mraibu, hilo msifanye. Mwisho wa sura yeye mwenyewe anasema aliyejiepusha na pombe za kila aina na kuzitawala hisia zake hapatwi na maradhi yake ya mwili wala ya akili. Shikeni hilo la mwisho.

Vinavyofaa nyumbani baada ya hospitali, kwa uzoefu wangu na kwa nilichosoma:

Kinywaji cha tende. Vitabu vinakiita kharjuradi mantha na vinakitaja kwa matatizo yote ya pombe. Tende, zabibu kavu, ukwaju, komamanga, pamoja na matunda mawili ya kwao, amalaki na parushaka, ambayo huku ukiyakosa si hoja. Unaloweka, unaponda, unachuja, unakoroga kwenye maji baridi, kadiri ya sehemu 1 ya matunda kwa 4 za maji. Watu wa pwani hamhitaji kufundishwa juisi ya ukwaju. Aliyeacha pombe mara nyingi anatamani sukari jioni na chakula hakipandi, na kinywaji hiki kinampa maji, sukari na madini kwa upole. Mwenye kisukari asinywe bila ushauri, na mwenye tumbo lililojaa maji kwa sababu ya ini aulize daktari wake kwanza.

Chakula. Khichdi ya Wahindi, yaani wali na choroko vilivyopikwa pamoja mpaka vikalainika, manjano kidogo, tangawizi, samli kijiko kimoja. Mtindi mwembamba uliokorogwa na maji na bizari nyembamba ya kukaanga. Mnywaji wa miaka mingi utumbo wake umechoka, ukimletea nyama choma siku ya kwanza hutamwelewa.

Mafuta. Kumkanda mwili kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto kidogo, kisha aoge maji ya vuguvugu. Fanya jioni. Aliyewahi kuacha pombe anajua kwamba usiku ndio adui, na mwili uliokandwa unalala vizuri zaidi. Kule Kerala wanamwaga mafuta mfululizo kwenye paji la uso, wanaita shirodhara. Ni tiba ya kliniki yenye mtu aliyefundishwa.

Pumzi. Hapa kuna utafiti wa kueleweka. Hospitali ya NIMHANS ya Bengaluru, ambayo ni taasisi kubwa ya taifa ya afya ya akili India, ilichapisha mwaka 2006 matokeo ya waraibu wa pombe 60. Wote kwanza walitolewa pombe mwilini kwa tiba ya hospitali kwa wiki moja. Kisha nusu yao wakafundishwa mazoezi ya pumzi yaitwayo Sudarshana Kriya kwa wiki 2. Sonona ilipungua kwa wote, ila kwa waliofanya pumzi ilipungua zaidi, na homoni ya msongo, kotisoli, ilishuka pia. Tazameni mpangilio wao: hospitali kwanza, pumzi baadaye. Na hao ni Wahindi wenyewe, nyumbani kwao.

Nitaendelea na hatari za dawa za chupa kwenye posti ya pili. Msianze kununua.

MfamasiaMtaani

Posti ya pili.

Asava na arishta. Hizi ni dawa za maji za Ayurveda zinazochachushwa kwenye mtungi kwa sukari guru na maua, na pombe inajitengeneza yenyewe humo ndani. Kwenye lebo huandikwa kwamba pombe iliyojitengeneza haizidi asilimia 12 au chini ya hapo. Bia ya kawaida iko kwenye 5. Dashamoolarishta, Ashwagandharishta, Drakshasava, Kumaryasava, zote ni za ukoo huo. Ipo hata inayoitwa Shrikhandasava, ambayo vitabu vya zamani vinaiandika kwa ajili ya maradhi ya pombe, nayo ni ya kuchachusha. Kwa mgonjwa mwingine kijiko 1 au 2 baada ya chakula si tatizo. Kwa mtu anayejaribu kuacha pombe, ni kumrudishia kiu mdomoni. Na kama hospitali imempa disulfiramu, dawa inayomfanya mtu augue akinywa pombe, kijiko hichohicho kinaweza kumwangusha: uso unawaka, moyo unakimbia, presha inashuka.

Kwa hiyo ukiona jina linaishia na -asava au -arishta, rudisha rafuni.

Gujarat pombe ni marufuku tangu jimbo lilipoanzishwa 1960, kwa hiyo chupa hizi zimekuwa mlango wa nyuma kwa wanywaji. Mwishoni mwa 2023, wilaya ya Kheda, watu kadhaa walifariki baada ya kunywa sharubati iliyouzwa kama dawa ya Ayurveda. Ilikuwa na methanoli. Sisi tunaoishi na gongo na chang'aa tunajua methanoli inafanya nini kwa macho na kwa uhai.

Metali. Mwaka 2004 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha uchunguzi wa dawa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa maduka ya eneo la Boston. Dawa 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 wakachunguza 193 zilizouzwa kwenye intaneti, na kama moja katika kila tano ilikuwa na metali hizo. Sehemu ya tatizo ni uchafu wa kiwandani, sehemu nyingine ni makusudi, maana lipo tawi la Ayurveda liitwalo rasa shastra linalotumia metali zilizochomwa na kusagwa. Maneno rasa, ras na bhasma kwenye lebo yakuzindue. Ini la mnywaji halina nafasi ya kubeba na risasi.

Ini lenyewe. Ashwagandha ni mzizi mzuri, na tafiti ndogo zimeonyesha unapunguza msongo na kusaidia usingizi. Lakini zipo ripoti za watu walioumia ini kwa kuutumia, na Denmark waliupiga marufuku mwaka 2023 kwa hofu ya athari kwenye homoni. Guduchi, mmea ambao India wanauita giloy, watu waliunywa sana wakati wa korona, na mwaka 2021 madaktari wa Mumbai waliripoti wagonjwa walioingia na homa ya ini. Wizara ya AYUSH, ile ya India inayosimamia tiba asili, ilipinga ripoti ile, lakini mimi siwezi kumpa giloy mtu ambaye macho yake tayari ni ya njano. Manjano ya kupikia hayana shida. Vidonge vya manjano vilivyokolezwa na kuchanganywa na pilipili manga vimeripotiwa kuumiza ini la baadhi ya watu.

Na vidonge vya kamini. Jina kamili ni Kamini Vidrawan Ras, na ndani mna afyuni. Watu wanauziwa kama dawa ya nguvu za kiume au ya kuacha pombe, wanatoka kwenye uraibu mmoja wanaingia wa pili.

Karibuni kwa maswali.

Njia Panda

Mkuu nimesoma yote, asante. Mimi ni tabibu, wodi ya wanaume, mkoani. Naongezea moja tu kuhusu panchakarma, yaani tiba ya Ayurveda ya kusafisha mwili, maana siku hizi matangazo ni mengi: "tunasafisha sumu ya pombe." Kutapishwa na kuharishwa kwa mtu ambaye wiki iliyopita alikuwa anakunywa gongo badala ya kula ni kumtafutia kifo. Potasiamu yake iko chini, magnesi iko chini, koo lake linaweza kuwa na mishipa iliyovimba kwa sababu ya ini. Akitapishwa ikapasuka, atavuja damu mpaka afe njiani. Nimepokea mgonjwa wa namna hiyo. Sitaandika zaidi ya hapo kwa heshima ya familia yake.

MfamasiaMtaani

Daktari, asante kwa kulileta. Na vitabu vyenyewe vinakataza kumsafisha mtu dhaifu. Anayemtapisha mtu wa hali hiyo hajasoma hata Ayurveda.

mama_wawili

Kaka mfamasia, samahani nakuuliza hadharani maana PM yako imefungwa. Mume wangu anakunywa, sasa ni kila siku, kazini ameshapewa barua. Kuna dada mmoja wa kikundi chetu cha WhatsApp ananiuzia unga wa Ayurveda kutoka India. Ameniambia nichanganye kwenye mchuzi au chai yake bila yeye kujua, ndani ya mwezi ataichukia pombe yenyewe. Hauna ladha wala harufu. Nimeshalipa nusu. Nifanyeje? Nimechoka kaka yangu.

MfamasiaMtaani

Dada yangu, pole sana. Nakujibu kirefu, na wengine wenye unga huo kabatini nao wasome.

Usimwekee. Unga wa kumfanya mtu aichukie pombe bila kujua unauzwa India nzima na umefika kwetu, na mimi na wewe hatujui ndani kuna nini. Kama ni majani matupu, umepoteza pesa na mwezi mzima. Kama mwuzaji ametia disulfiramu ili ionekane inafanya kazi, mume wako atakunywa bia yake ya kawaida baa, atashikwa na kifua, atatapika, presha itashuka, na hakuna hata mmoja pale atakayejua amekula nini. Hospitalini disulfiramu hupewa mtu aliyekubali, aliyepimwa moyo na ini, na aliyeambiwa kwa maneno wazi kwamba akinywa pombe juu yake anaweza kufa. Mchuzi hauna maelezo hayo.

Halafu kuna siku atajua. Atakachokumbuka siku hiyo ni kwamba chakula cha mkewe hakiaminiki. Ukipoteza hilo, hata dawa ya kweli hatapokea mkononi mwako.

Cha kufanya. Usimwambie aache leo. Jaribu asubuhi, hajazimua bado au amezimua kidogo, ana akili zake, mwambie kuhusu barua ya kazini na kwamba umepata mahali pa kwenda naye. Mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, kitengo cha afya ya akili, au kama mko Dar, Muhimbili. Mkiwa Dodoma, Mirembe. Waambie ukweli wa kiasi anachokunywa, usipunguze kwa aibu, maana dozi wanaipanga kwa kiasi hicho. Muulize daktari kuhusu naltreksoni na akamprosati. Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023. Hizi zinapunguza hamu yenyewe. Hazipatikani kila mahali lakini kuuliza ni haki yako.

Na wewe pia unahitaji watu. Zipo jumuiya za familia za walevi zinazokutana, huendi kumsema mumeo, unakwenda kupumua. Nusu iliyobaki ya pesa usilipe.

mama_wawili

Nimesoma mara tatu. Asante kaka. Yuko na kaka yake mkubwa anayemheshimu, nitaanzia kwake.

MfamasiaMtaani

Vizuri sana. Shemeji akikubali aende naye hospitali siku ile ile, msilale na wazo.

Kilindini

Assalaam aleikum. Mie ni wa Mombasa. Nilianza na tembo la mnazi, nikamalizia kwenye mambo makali zaidi, na sasa nimeacha alhamdulillah. Naunga mkono habari ya mafuta na pumzi. Nyumba niliyokaa kupata nafuu, kulikuwa na Mhindi mmoja mtu mzima akija kutufundisha kuvuta pumzi alfajiri. Wengine walicheka mwanzo. Mie nilishika kwa sababu kile kifua kubana magharibi, wakati wa wenzangu kwenda mangweni, kilikuwa kikinitesa, na ile pumzi ilinivusha mpaka isha.

Swali langu ni la dini. Hizo asava, mtu akiambiwa ni dawa na ni kijiko tu, hukumu yake ni nini?

MfamasiaMtaani

Waaleikum salaam kaka. Hukumu muulize sheikh wako, mimi siingii hapo. Nitakupa cha kumwambia ili akujibu vizuri: pombe haijawekwa kutoka nje, imejitengeneza kwa kuchacha, na inaweza kufika asilimia 12. Zipo dawa zilezile katika umbo la unga au la kuchemsha, churna na kashaya, ambazo hazichachushwi. Yaani mbadala upo. Na kwa wewe uliyeacha, hata ingekuwa halali kwa jirani yako, mimi kama mfamasia nakukataza.

Hiyo saa ya magharibi uliyoitaja ni muhimu kuliko dawa zote nilizoandika. Ayurveda inaiita ratiba ya siku dinacharya: kuamka, kuoga, kula, kufanya kazi na kulala kwa saa zilezile. Wengine wanaiona ni mapambo. Lakini mnywaji siku yake yote ilikuwa imepangwa na pombe, na ukiiondoa unamwachia mtu saa tatu au nne tupu kila jioni. Zile saa lazima zipewe kitu. Kukandwa mafuta, kuoga, chakula cha mapema, swala, kutembea na mtoto. Upange na mgonjwa mwenyewe, usimpangie.

Kilindini

Kweli kabisa. Mie nilibadilisha hata njia ya kurudi nyumbani. Nilipitia Likoni kwa wiki nyingi nisipite pale pa zamani.

Mteule wa Moshi

Wakuu, huku kwetu mbege ni mila. Ukoo ukikaa, kibuyu kinazunguka, mzee anatambika. Mdogo wangu alitoka kwenye mbege akaenda kwenye viroba, viroba vilipopigwa marufuku 2017 akahamia gongo. Tumempeleka hospitali, amemaliza, yuko nyumbani mwezi sasa. Mama anampa uji wa ulezi na maziwa. Shangazi anasema tumlete kwa daktari wa Ayurveda Arusha. Mimi naogopa arudie wakati wa Krismasi, watu wote wanakuja nyumbani. Mnashauri nini? Na hiyo habari ya kuacha kidogokidogo kwa robo, nimeisikia, ikoje?

MfamasiaMtaani

Mteule, hongera kwa familia yenu. Mama yenu anafanya sawa na Charaka bila kumsoma; maziwa na uji ni chakula cha kurudisha nguvu.

Robo kwa robo ni fundisho la Charaka sehemu ya kwanza, sura ya 7. Anasema mwenye busara aache kilichomzoea na kumdhuru kwa hatua, robo baada ya robo, na kila robo inayotoka ijazwe na kitu chema, ili mwili usishtuke. Ni fundisho zuri na ndiyo maana hospitali haikati pombe na kumwacha mtu hivihivi, inaweka dawa nyingine mahali pake kisha inaipunguza taratibu. Ila mdogo wako ameshatoka. Kwake hakuna robo tena, kuna sifuri. Asije mtu wa ukoo akakwambia "anywe kidogo tu ya mila, vitabu vya Wahindi vimeruhusu."

Kuhusu Krismasi, kaeni na wazee mapema, kabla wageni hawajafika. Kibuyu kikifika kwake kipite, na mzee mwenye heshima ndiye aseme kabla hajashurutishwa mtu. Chukueni kinywaji cha tende na ukwaju, kiwekwe kwenye kibuyu chake mwenyewe kama wazee wataridhia. Apangiwe na kazi ya heshima siku hiyo, kwa mfano asimamie mbuzi. Na usiku alale kwenye nyumba isiyo na pombe, hata kama ni kwa jirani.

Daktari wa Arusha: nendeni, lakini mwende na karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali na majibu ya vipimo vya ini. Akikataa kuyasoma, ondokeni. Akisema aache dawa za hospitali, ondokeni. Akishauri chakula, mafuta, pumzi na usingizi, msikilizeni. Akitoa dawa ya kunywa, iwe yenye lebo, yenye jina la kiwanda na viungo vyote, na kipimo cha ini kirudiwe baada ya wiki chache.

Njia Panda

Na kama bado anameza thiamini asiiache kwa sababu ameanza kula vizuri. Aendelee mpaka kliniki waseme.

Mteule wa Moshi

Nimeelewa. Shangazi tayari ana chupa mbili alizoletewa na mtu aliyetoka Mumbai, moja imeanza kutumika. Jina siwezi kulisoma, ni Kihindi upande mmoja na Kiingereza kimefutika.

MfamasiaMtaani

Mdogo wako asiinywe tena kuanzia leo. Kama bado hajapata shida yoyote, msiogope, ila mkiona macho ya njano, mkojo wa rangi ya kahawia au kuwashwa mwili mzima, rudini hospitali na chupa mkononi. Zipige picha pande zote nne pamoja na kifuniko, uziweke hapahapa kwenye uzi. Kihindi nakisoma.